Jinsi ya kuzisikia na kuzihesabu emboli za ubongo kwa Dopla: mwongozo kamili kutoka Unguja

Assalaam aleikum. Hii naiandika kwa wenzangu wa ultrasaundi, manesi na madaktari wachanga waliowahi kukaa mbele ya mashine ya Dopla ya kichwani, ile tunayoiita TCD, wakaambiwa mrikodi huyu mgonjwa saa nzima utuhesabie emboli, halafu wakaachwa pale na chupa ya jeli mkononi. Mimi yalinikuta hayo. Aliyekuja kutufundisha alikaa siku mbili, ya tatu akapanda boti akarudi zake Dar. Yaliyobaki nimeyapata kwa kusoma, kwa kukosea na kwa kusikiliza, na kusikiliza ndo kwenyewe hasa, mana kazi hii inafanywa na masikio, macho yanakuja kuthibitisha tu.

Emboli ni chembe inayosafiri ndani ya mshipa wa damu ambayo haikutakiwa kuwemo, inaweza kuwa kibonge cha damu iliyoganda, kipande kilichomong'onyoka kwenye utando wa mafuta wa mshipa wa shingo, au kipovu cha hewa. Kubwa ikifika kwenye ubongo inaziba na mtu anapata kiharusi, kaamka asubuhi mkono hauinuki na mdomo umekwenda upande. Ndogo zinapita mgonjwa hajui lolote. Hizo ndogo ndo tunazozitafuta, kwa sababu zikipita nyingi zinatuambia kuna pahala panamong'onyoka.

Na mashine inazionaje? Damu yenyewe ina chembe nyekundu ambazo zinarudisha sauti kidogo kidogo, ule mvumo wa shuu shuu unaousikia. Chembe kubwa au kipovu kikipita kinarudisha sauti kwa nguvu zaidi kuliko damu iliyokizunguka, basi kwa kipindi kifupi sana unasikia mlio umechomoza juu ya mvumo na kwenye skrini unaona alama inayong'aa. Ndo hiyo. Probu yetu, kile kifaa cha mashine kinachowekwa kwenye ngozi, ni ya megahezi 2, haipigi picha ya ubongo, inasikiliza tu spidi ya damu kupitia mfupa. Rune Aaslid na wenzake ndo waliotoa njia hii mwaka 1982. Na mtu ambaye sie wa visiwani tungepaswa kumjua ni Merrill Spencer wa Seattle, alianza na wapiga mbizi, akisikiliza kwa Dopla vipovu kwenye damu zao wakitoka chini ya maji, baadae mwaka 1990 yeye na wenzake wakaeleza kusikia emboli ngumu, sio za hewa, kwenye vichwa vya wagonjwa waliokuwa wanafanyiwa operesheni ya mshipa wa shingo. Kila nikimuona mvuvi wa Nungwi anazama na mtungi nakumbuka kazi hii ilipoanzia.

KABLA MGONJWA HAJALALA

Kwanza muda. Rikodi ni saa nzima, dakika 60 kamili, na ukiongeza kutafuta mshipa na kufunga fremu inayoishika probu kichwani unahitaji karibu saa moja na nusu. Usimuanze mgonjwa saa tano na nusu halafu adhana ya Adhuhuri ikamkuta kafungwa fremu kichwani, atahangaika, atataka kuinuka na ana haki yake. Mimi nawapanga saa 3 asubuhi. Mwezi wa Ramadhani pia asubuhi, mtu hajachoka wala kiu haijamshika.

Pili umeme. Anayekumbuka ile miezi ya giza Unguja kuanzia Disemba 2009 hana haja ya kuelezwa kwa nini mashine iwe kwenye UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika dakika ya 48 huwezi kuunganisha vipande viwili ukasema ni saa moja mfululizo, na hata ukirudi ule mshipa huenda usiupate kwenye pembe ile ile. Simu zote zikae nje ya chumba, yako na ya anayemsindikiza. Feni usiielekeze kwenye waya za probu.

Tatu mdomo. Muulize anatafuna nini. Wazee wetu wengi tambuu haitoki mdomoni, na ule msuli wa kutafunia umelala palepale kwenye panja ambapo probu itakaa, taya ikitikisika tu probu inatikisika. Basi atoe tambuu, asukutue, ubani hali kadhalika.

Nne nywele na stara. Mwanamke lazima afunue upande wa kichwa, kwa hiyo chumba kiwe na pazia, mlango ufungwe, na akitaka awepo dada wa kazini basi awepo, sio jambo la kujadiliana naye kana kwamba anakusumbua. Panja likiwa na mafuta ya nazi lifute kwa kitambaa cha uvuguvugu, mana fremu inateleza polepole na wewe unadhani mshipa umebadilika, kumbe probu imeshuka milimita tatu.

Halafu mueleze atakachofanyiwa. Kwamba haiumi, hakuna sindano, hakuna mionzi, atasikia sauti yake mwenyewe ya damu na asishtuke. Alale chali, mto mdogo, ashakwenda chooni. Asiongee. Akitaka kukohoa ainue kidole kwanza ili uandike dakika.

KUTAFUTA DIRISHA

Mfupa wa kichwa unazuia sauti, lakini kwenye panja, juu ya kile kifupa cha shavu kinachokwenda sikioni, mfupa ni mwembamba. Hapo ndo dirisha. Weka jeli nyingi, usiionee choyo, weka probu mbele kidogo ya sikio juu ya kifupa, iinamishe kidogo mbele na juu, uanze kina cha milimita 50 mpaka 55. Mwanzo pandisha pawa, yaani nguvu ya sauti inayotumwa, ili upate mshipa haraka halafu ukishaupata unashusha.

Unachotafuta ni ateri ya kati ya ubongo, MCA. Hii inapokea sehemu kubwa ya damu inayotoka kwenye mshipa wa shingo wa upande ule, kwa hiyo chembe nyingi zitapita kwake. Inasikika kati ya milimita 45 na 65, damu inakuja kuelekea kwenye probu, na kwa mtu mzima spidi ya wastani ni kama sentimita 55 kwa sekunde, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Ukienda ndani mpaka karibu 65 unaona mawimbi mawili, moja linakuja moja linaondoka, hapo mshipa umegawanyika, ile inayoondoka ni ateri ya mbele. Pakumbuke pahala hapo, ndo nguzo yako. Kisha rudi nje taratibu 60, 55, 50 na wimbi la MCA liendelee kuwepo. Likipotea ghafla kabla ya 55 na lilikuwa la polepole kule ndani, shuku kwamba umeshika ateri ya nyuma, inua probu mbele uanze tena.

Kuna watu hawana dirisha kabisa, hasa wanawake watu wazima, na sisi watu weusi tunalikosa zaidi kuliko Wazungu. Nimewahi kuhangaika dakika arobaini na bibi mmoja wa Pemba aliyekuja na boti ya asubuhi, panja la kulia hakuna kitu, la kushoto wimbi kama moshi tu. Siku hizi nikifika dakika kumi na tano upande mmoja sijapata, naandika dirisha halikupatikana nahamia wa pili. Wimbi hafifu usilirikodi ukalihesabia, mana emboli inapimwa kwa kulinganisha na damu, na kama damu yenyewe huisikii utalinganisha na nini?

Jicho ni habari nyengine. Kazi hii haihitaji kupita kwenye jicho, na ikija siku unahitaji kwa kipimo chengine, pawa ishushwe kabisa mpaka chini kabla probu haijagusa kope.

KUSETI MASHINE

Hapa watu wengi wanapita haraka na hapa ndo namba inaharibika. Kwa kipimo cha spidi ya kawaida tunapenda wimbi ling'ae. Kwa emboli ni kinyume, unataka damu ionekane hafifu kidogo, rangi ya buluu buluu, ili chembe ikipita ing'ae peke yake. Geini, yaani ukuzaji wa sauti inayorudi, ikiwa juu skrini yote inakuwa nyekundu na manjano, emboli inapita ndani ya rangi hiyo huioni. Kwa hiyo shusha pawa, shusha geini, mpaka umbo la wimbi unaliona vizuri lakini halijajaa rangi.

Kile kipande cha mshipa ambacho mashine inasikiliza kwa wakati mmoja kiwe kifupi, kati ya milimita 3 na 10. Kikiwa kirefu damu inakuwa nyingi ndani yake na chembe ndogo inazama. Filta ya chini, ile inayokata milio mizito, isizidi hezi 100 au 150 hivi. Ule mpishano wa FFT, hesabu zinazogeuza sauti kuwa picha ya skrini, uwe zaidi ya asilimia 50, ukiwa mdogo kuna nafasi kati ya hesabu moja na nyengine na chembe fupi inaweza kudondokea hapo ukaikosa. Skeli ya spidi iwe pana, kilele cha wimbi kisikatike.

Kama mashine yako ina milango miwili ya kina, yaani inasikiliza pahala pawili kwa wakati mmoja, itumie, Wallahi itumie. Mlango mmoja weka 52 mwengine 60. Sababu ntaieleza chini kidogo, ndo kitu kilichonitoa gizani. Na kama ina zile rangi za kina chote kwa pamoja, emu-modi, ifungue ikae pembeni.

Ukimaliza funga fremu. Kaza polepole pande mbili kwa pamoja, muulize mgonjwa, inabana ndio, inauma hapana. Fremu inayouma itamfanya akunje uso saa nzima. Ukiweza rikodi pande mbili kwa wakati mmoja, faida yake utaiona kwenye majibu.

KUSIKILIZA

Vaa hedifoni. Sio spika ya mashine na feni inazunguka, hedifoni. Bonyeza rikodi, andika saa, na kaa hapo hapo. Usitoke kwenda kuchukua chai.

Mwaka 1995 wataalamu wa mambo haya walikubaliana vigezo, na mpaka leo tunavitumia. Mlio wa emboli ni mfupi, chini ya milisekunde 300, na nyingi ninazozisikia ni fupi zaidi ya hapo. Nguvu yake inazidi damu ya pembeni kwa angalau desibeli 3. Unakwenda upande mmoja tu wa mstari wa kati, ule ule ambao damu inakwenda. Na una sauti yake, kama tik, au kama kifaranga kalia mara moja, au kama mtu kaguna kidogo. Ukishaisikia ya kweli mara tatu nne hutoisahau, ina muziki ndani yake, inapanda au inashuka pamoja na spidi ya damu. Atifakti, yaani alama ya uongo isiyotokana na chembe, haina muziki, ni kishindo, du, kama mtu kagonga meza.

Atifakti kwenye skrini inachora juu na chini ya mstari, pande mbili kwa pamoja, na nguvu yake imejaa kule chini kwenye mawimbi mazito karibu na mstari wenyewe.

Sasa ile milango miwili. Damu kwenye MCA inatoka ndani inakuja nje kuelekea probu. Chembe inayosafiri itapita kwanza kwenye milimita 60, halafu ndo ifike 52. Kati yake kuna milimita 8, na kama chembe inakwenda sentimita 55 kwa sekunde basi itachukua kama milisekunde 15 kufika. Kwa hiyo ukipanua skrini utaona alama mbili, ya ndani imetangulia, ya nje imechelewa kidogo. Mgonjwa akitafuna au akigusa fremu alama mbili zinatokea papo hapo kwa pamoja, hakuna iliyotangulia, mana probu ndo iliyotikisika, hakuna kitu kilichosafiri. Kwenye emu-modi ni hivyo hivyo, emboli inachora mstari wa mshazari unaotoka ndani kuja nje, atifakti inachora mstari uliosimama wima kama ukuta.

Kabla ya kuanza mfanyie mgonjwa majaribio ya makusudi dakika moja. Mwambie ameze mate. Akohoe kidogo. Aume meno. Gonga fremu kwa kucha. Rikodi zote, sikiliza zinavyosikika kwa mgonjwa yule. Hiyo dakika moja itakuokoa.

Ntasimulia kwa nini nasema hivyo. Alikuja bibi mmoja, mshipa wa shingo wa kushoto umebana, alishapata kiharusi kidogo kikamwachia. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikamfunga fremu, katulia vizuri kabisa, macho kafumba. Mashine yetu ina kihesabio chake, kinajihesabia chenyewe, na dakika ya ishirini kilikuwa kimeshafika 31. Nilishtuka. Nikaanza kuandika kwenye karatasi, emboli 31 ndani ya dakika 20, na kichwani nikaona daktari atavyoisoma, atambadilishia dawa siku ile ile, pengine wamvushe bahari aende akaonwe kwa operesheni. Mwenzangu wa kazini akaja akachukua hedifoni, akasikiliza kama dakika mbili, akaniuliza huyu bibi anatafuna nini? Nikasema hatafuni kitu nimemkagua mdomo. Tukamsogelea. Mkononi chini ya shuka ana tasbihi, na midomo inakwenda, anasoma uradi wake kimya kimya, sauti haitoki lakini taya inatikisika kila neno. Tukamwomba, bibi, leo uradi usome moyoni. Akacheka akasema haya mwanangu Mungu anasikia kote. Tukarudia saa nzima kesho yake, tukapata mbili. Mbili za kweli, zenye muziki, ya ndani imetangulia ya nje imefuata.

Toka siku hiyo kihesabio cha mashine nakichukulia kama mtu anayekunyooshea kidole, angalia pale, basi. Kuangalia ni juu yangu. Kikundi cha wataalamu wa kimataifa mwaka 1998 waliandika kwamba hakuna kihesabio cha mashine kilichofikia kiwango cha kuachiwa kazi peke yake, na ijapokuwa mashine zimekuwa nzuri zaidi toka hapo mimi sijaiona ya kuiachia bibi yangu.

KUHESABU

Wakati wa rikodi ukisikia kitu chochote weka alama tu, usibishane nacho. Mabishano ni baadae. Rikodi ikiisha mfungue mgonjwa, mfute jeli, mpe maji, muage vizuri, halafu urudi ukae na faili.

Kila alama ifungue, ipanue, uisikilize tena mara mbili tatu. Mimi naandika kwenye daftari mstari mmoja kwa kila alama namna hii: dakika 17 sekunde 42, desibeli 9, milisekunde 38, upande mmoja, ndani imetangulia, kifaranga, KWELI. Au: dakika 23 sekunde 05, desibeli 14, pande mbili, kwa pamoja, kishindo, alikohoa, SIO. Zile SIO usizifute, ziache, mwenzako ataziona.

Desibeli ndo panapoleta ugomvi. Desibeli 3 maana yake nguvu imekuwa mara mbili ya damu, lakini damu yenyewe inapanda na kushuka kila pigo na mabadiliko ya kawaida yanaweza kufika hapo bila chembe yoyote. Ndo mana watu wengi wanaweka kizingiti cha desibeli 7, ambayo ni kama mara tano, unapoteza chembe kadhaa dhaifu lakini wasikilizaji wawili wanakubaliana zaidi. Mimi natumia 7 na naiandika kwenye ripoti. Na unapolinganisha, linganisha na pahala pale pale pa pigo, kama alama imetokea kwenye kilele cha wimbi basi linganisha na kilele cha pigo la jirani, usilinganishe kilele na bonde. Mgonjwa ambaye moyo wake unapiga ovyo ovyo hapa anataka subira kubwa, mana hakuna mapigo mawili yanayofanana.

Zikija nyingi mfululizo kama mvua hadi huwezi kuzitenga usizikadirie. Andika mvua ya alama kuanzia sekunde fulani mpaka sekunde fulani.

Muda nao uhesabu kwa uaminifu. Kama mgonjwa alipiga chafya wimbi likapotea dakika nne mpaka ukalirudisha, hizo dakika nne sio rikodi. Ukibaki na dakika 56 na emboli 3, andika 3 ndani ya dakika 56. Usizigeuze kuwa kwa saa bila kusema, na dakika 15 usizizidishe kwa nne, mana chembe hazipiti kwa foleni, zinaweza kukaa kimya nusu saa halafu zikaja tatu kwa dakika moja.

Mtu wa pili ni lazima. Mpe faili bila kumwambia wewe umepata ngapi wala mgonjwa ana ugonjwa gani. Mkitofautiana kaeni pamoja kwenye zile zenye mzozo tu, na mkishindwa kukubaliana ile alama haihesabiki.

NAMBA INASEMA NINI

Kuamua dawa ni kazi ya daktari, lakini wewe uliyesikiliza lazima ujue unachompa.

Ukirikodi pande mbili na emboli zote zikawa upande mmoja, shuku mshipa wa shingo wa upande ule. Zikiwa pande zote mbili fikiria moyo au mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo. Kwa mshipa wa shingo uliobana namba hizi zina uzito. Utafiti wa ACES uliotoka 2010 uliwafuata watu 467 ambao mshipa umebana lakini hawana dalili, waliokuwa na emboli walikuwa 77, na hatari yao ya kiharusi cha upande ule kwa mwaka ilikuwa asilimia 3.62, wale wasiokuwa nazo asilimia 0.70. Na waliotoka kupata kiharusi au kile kidogo cha kupita wanakuwa nazo zaidi siku za mwanzo, kwa hiyo ukiambiwa mgonjwa kapooza juzi usimpangie wiki tatu mbele.

Dawa pia inaonekana masikioni. Utafiti wa CARESS, 2005, ulichukua watu 107 wenye emboli, wengine wakapewa aspirini peke yake wengine aspirini na klopidogreli, siku ya 7 waliobaki na emboli walikuwa asilimia 72.7 kwa aspirini peke yake na 43.8 kwa dawa mbili. Yaani unarikodi leo, unarikodi baada ya wiki, unasikia tofauti.

Lakini mwenye valvu ya chuma kwenye moyo ni kitu chengine kabisa, na hapa kwetu wapo, watoto wa homa ya baridi yabisi iliyokula valvu, wakaenda kubadilishwa Dar au India. Huyo ukimfunga probu utasikia tik tik tik nyingi sana, na usitishike. Nyingi ni vipovu vidogo vya gesi vinavyotengenezwa na ile valvu inapojifunga kwa kishindo, na idadi yake haifuatani vizuri na hatari ya kiharusi. Ukimpa oksijeni ya asilimia 100 kwa barakoa kwa agizo la daktari zinapungua sana, na kupungua huko ndo kunakuonyesha kwamba zilikuwa gesi. Usimwambie mgonjwa huyu pale kitandani nimehesabu mia moja, ataondoka na hofu ya bure. Na dawa yake ya kulainisha damu asiiache hata namba iwe vipi.

KIPIMO CHA VIPOVU

Wakati mwengine tunazitengeneza emboli wenyewe, kwa kijana aliyepata kiharusi bila sababu na daktari anashuku kuna kitundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo ambacho hakikuziba baada ya kuzaliwa. Hapa daktari awepo chumbani.

Kanula ya kijani kwenye mshipa wa kiwiko. Bomba mbili za mili 10 zikiunganishwa na thriwei, kile kiungio cha njia tatu, moja ina mili 9 za maji ya dripu ya chumvi, nyengine mili 1 ya hewa. Unasukuma huku na huku angalau mara kumi mpaka maji yawe meupe kama maji ya mchele, halafu bila kuchelewa unayaingiza kwa kasi, mana vipovu vikikaa vinapotea. Mara ya kwanza mgonjwa kapumzika tu. Mara ya pili, sekunde 5 baada ya kuanza kuingiza, mwambie abane pumzi asukume tumbo kama anayejikamua chooni, sekunde 10 kisha aachie. Mfundishe kabla, mrudie mara mbili bila dawa, na uangalie spidi ya MCA inashuka akisukuma, isiposhuka basi hajasukuma kitu.

Vipovu vya ukubwa huu mapafu yanavichuja, kwa hiyo mtu asiye na kitundu husikii kitu. Mwenye kitundu, baada ya sekunde chache vinaanza kulia kichwani. Unahesabu upande mmoja: hakuna, au 1 mpaka 10, au zaidi ya 10 lakini unazitenga, au pazia, yaani zimejaa mpaka huwezi kutenga. Pazia likija mara ya kwanza kapumzika, ya pili haina haja.

Na hiyo mashine ikiwa haina mgonjwa wa emboli siku hiyo, wapimeni watoto wa selimundu. Kwao hatutafuti chembe, tunatafuta spidi, wastani ukifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi mtoto yuko kwenye hatari kubwa ya kiharusi na anahitaji daktari haraka. Probu ile ile, panja lile lile, dakika ishirini tu.

RIPOTI

Ripoti yangu ni karatasi moja. Juu idadi ya emboli upande wa kulia na wa kushoto na dakika zilizotumika. Chini yake kila kitu ambacho mtu mwengine angehitaji ili arudie: mashine gani, probu gani, ateri gani, kina cha milango yote miwili, urefu wa kile kipande cha kusikiliza, megahezi, filta, skeli, FFT na mpishano wake, kizingiti cha desibeli na namna mashine inavyozipima, na rikodi ilianza saa ngapi. Wale wa 1998 waliomba mambo kumi na nne yaandikwe na mwanzo niliona ni makaratasi ya bure. Halafu nikarudia kipimo cha mgonjwa baada ya wiki ya dawa, emboli zikashuka kutoka 6 hadi 1, daktari akafurahi, nikaja kuona mara ya kwanza niliweka geini chini na ya pili juu. Sikuweza kumwambia kama ni dawa au ni geini. Ikabidi nimwite tena yule baba kutoka Makunduchi, nauli yake na siku yake ya kazi, nirikodi upya.

Kwa hiyo seti zote zipige picha na simu kabla hujamfungua mgonjwa, simu ikiwa imeshaingia chumbani sasa mana rikodi imekwisha, uzichapishe ubandike ndani ya jalada lake. Faili la sauti usilifute, liweke kwenye diski mbili kwa namba ya jalada bila jina. Akirudi wiki ijayo fungua picha ile kwanza, weka 52 na 60 kama zilivyokuwa, pawa ile ile, geini ile ile, saa 3 ile ile ya asubuhi, muulize tambuu na muulize uradi, ndo ubonyeze rikodi.